Moshi wa Mji ni Dhima ya Nani?

Mwana Adamu huingiza mwilini mwake vitu vitatu ambavyo hawezi kuishi bila navyo: chakula, maji na hewa. Chakula akikitilia shaka hukiacha, akala kingine au akashinda na njaa hata jioni. Maji akiyaona machafu huyachemsha, au huyachuja, au huenda kisima cha pili. Lakini hewa haina kisima cha pili. Mtu huvuta pumzi zaidi ya mara 15,000 kwa siku moja, akiwa macho na akiwa usingizini, akiwa tajiri na akiwa fakiri, wala hapana hata pumzi moja katika hizo ambayo huulizwa kama aitaka au haitaki. Mtoto wa siku moja huvuta hewa ile ile anayoivuta mzee wa miaka themanini, na mgonjwa wa kifua huvuta ile ile ya mpiga makasia.

Kwa hivyo ingelikuwa ni haki tukiona kwamba mwenye kuichafua hewa ana makosa makubwa kuliko mwenye kutia maji katika maziwa anayoyauza, kwani mnunuzi wa maziwa aweza kwenda kwa muuzaji mwingine. Walakini mambo yalivyo ni kinyume cha hayo. Mwenye kutia maji katika maziwa huitwa mwizi mtaa mzima, na mwenye kuchoma takataka na mipira ya magari chini ya madirisha ya watu husifiwa kuwa anasafisha uwanja. Ukimuuliza hukujibu: "Moshi ukisha kwenda juu si wangu tena." Jibu hili ndilo nililokusudia kulitazama leo, kwa sababu si jibu la mjinga peke yake. Wenye viwanda hulisema, na wenye mabasi, na serikali za nchi kubwa zilipata kulisema kwa maneno yaliyopambwa zaidi.

Swali lenyewe ni hili: dhara inapofanywa na watu wengi, kila mmoja kidogo, na ikawapata watu wengi, kila mmoja kwa siri, je, yuko mwenye dhima, au dhima imepotea hewani pamoja na moshi?

Kwanza yatupasa tuijue dhara yenyewe, kwani wengi wanadhani kwamba ubaya wa moshi ni harufu, masizi na kukohoa. Vumbi kubwa huzuiliwa na nywele za pua na makamasi, na mtu hulitoa kwa chafya na makohozi. Lakini kitu kinapoungua, ikiwa ni dizeli, kuni, makaa au plastiki, hutoka chembe nyingine ndogo mno, ambazo wataalamu huzipima kwa mikroni, yaani sehemu moja katika milioni ya mita. Wanazoziogopa zaidi ni zile ambazo upana wake hauzidi mikroni 2.5, na unywele mmoja wa kichwa una upana wa chembe kama hizo ishirini na zaidi zikipangwa bega kwa bega. Pua haizizuii hizi. Hushuka hata vifuko vya mwisho vya mapafu, pale ambapo pumzi hukutana na damu, na baadhi yake hupita zikaingia katika damu hiyo.

Ndiyo maana dhara yake si ya kifua tu. Pumu huzidi, na watoto hupata homa ya mapafu, hayo twayajua. Lakini pia mishipa ya damu huumuka na kukakamaa, damu ikawa nyepesi kuganda, na moyo ukachoka. Shirika la Afya Duniani lilihisabu kwamba mwaka 2019 hewa chafu ya nje ya nyumba ilileta vifo vipatavyo 4,200,000, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilikuwa vya maradhi ya moyo na kiharusi. Ukiongeza na moshi wa majikoni jumla hukaribia milioni saba kwa mwaka. Na mwaka 2013 idara ya shirika hilo inayochungua saratani iliiandika hewa chafu katika orodha ya vitu vilivyothibiti kuwa vinaleta saratani, orodha ile ile iliyomo tumbaku.

Sasa fikiri. Mtu amekaa miaka thelathini na duka lake kando ya njia ya malori. Siku moja ameanguka. Daktari ameandika: moyo. Jamaa mmoja amesema ni shinikizo la damu, mwingine amesema ni samli na nyama nyekundu. Huenda wote wamesema kweli. Lakini hapana aliyeitaja njia ya malori, wala hapana atakayeitaja, kwani moshi hupiga bila ya kuacha alama ya fimbo, na pigo lisilo alama halitafutiwi mpigaji.

Khabari ya mji wa London yatufaa hapa, kwa sababu huko waliopigwa walianguka kwa pamoja, katika siku chache, hata ikawa haiwezekani tena kusema kwamba kila mmoja amekufa kwa lake. Disemba 1952 palikuwa na baridi kali, na kila nyumba iliwasha makaa ya mawe, na mitambo ya umeme na viwanda navyo vilikuwa vikichoma makaa hayo hayo. Kwa desturi hewa iliyo karibu na ardhi huwa na joto kuliko ya juu, hupanda, na moshi hupanda nayo. Siku zile ikawa kinyume. Hewa ya baridi ililala chini na hewa ya joto ikaifunika kama kifuniko cha chungu, na upepo hapakuwa. Kutoka tarehe 5 mpaka tarehe 9 moshi wote ulibaki chunguni pamoja na watu wake, hata mabasi yakasimama kwa kutoona njia. Hisabu ya serikali ilisema waliokufa zaidi ya kawaida walikuwa yapata 4,000. Wataalamu waliohisabu tena baadaye, wakatia na miezi iliyofuata, walisema huenda walifika 12,000. Vifo vya miezi hiyo iliyofuata serikali ilitaka kuvibebesha homa ya mafua.

Nani aliyewaua? Kila mwenye nyumba alikuwa na jiko moja, naye aliliwasha ili watoto wake wasidhurike kwa baridi. Hapana hata mmoja katika wao aliyeua mtu, na watu kwa maelfu wamekufa. Hapa ndipo anaposimama yule asemaye kuwa dhima imepotea hewani. Lakini Waingereza wenyewe, ingawa walikawia, hawakuridhika na jibu hilo. Mwaka 1956 ilitungwa sheria ya hewa safi. Haikumtafuta muuaji mmoja. Ilizipa baraza za miji uwezo wa kutangaza mitaa isiyoruhusiwa moshi, na ikaweka kwamba mwenye nyumba arudishiwe sehemu 7 katika 10 za gharama ya kubadilisha jiko lake. Yaani ilimwambia: dhima unayo, lakini hatukuachi uibebe peke yako hali umelazimika. Naiona hukumu hii kuwa ina akili zaidi kuliko kelele za wanaotaka maskini wapigwe faini na tajiri aombwe tu.

Na asidhani mtu kwamba London ilitakasika tangu siku ile. Moshi wa makaa ulipokwisha ulikuja wa magari. Msichana wa mji huo, Ella Adoo-Kissi-Debrah, alikuwa akikaa karibu na barabara kubwa ya kusini. Alishikwa na pumu kali, akalazwa hospitali karibu mara thelathini kwa muda wa miaka mitatu hivi, na Februari 2013 akafariki naye ana miaka tisa. Kwanza iliandikwa kwamba sababu ni pumu. Mama yake hakutosheka. Disemba 2020 afisa wa sheria anayechungua sababu za vifo alihukumu kwamba hewa chafu ya magari ilikuwa na sehemu katika kifo chake, na ikawa mtoto huyo ni wa kwanza katika Uingereza kuandikiwa hivyo. Hapana dereva aliyefungwa, wala mama hakuwa akimtafuta dereva. Karibu miaka minane alitafuta neno moja liandikwe katika karatasi, kwa sababu alijua kwamba kisichoandikwa hakina mwenyewe.

Wanazuoni wetu nao hawakulinyamazia jambo la moshi. Katika madhehebu ya Imam Malik wengi walimzuia mtu kujenga tanuri au hamamu ambayo moshi wake utawadhuru majirani. Sisi wa pwani tu Mashafii, na madhehebu yetu humpa mwenye mali nafasi pana zaidi. Maana ya alivyosema Imam Nawawi katika Minhaji ni kwamba kila mtu ana ruhusa kuitumia milki yake kwa kadiri ya desturi, na akipita mpaka ni juu yake kulipa; na kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa aweza kuifanya nyumba yake iliyozungukwa na makazi kuwa hamamu, au duka lake lililo katika soko la nguo kuwa la mhunzi, maadamu amechukua hadhari na kuzitengeneza imara kuta zake.

Ruhusa hii nimeisikia ikitajwa na watu wanaotaka kufanya watakavyo. Husoma kichwa cha maneno na kuuacha mkia. Mkia wake ni ukuta. Imam Nawawi alifariki mwaka 1277, na dhara za mafundi wa zama zile, kama kishindo cha nyundo, rutuba ya maji na joto la moto, ukuta ulio imara uliweza kuzizuia zisimfikie jirani. Je, chembe ya mikroni mbili na nusu ina ukuta gani? Hupita dirishani, hupita chini ya mlango, hupita katika shuka aliyojifunika mtoto. Basi sharti linapokosekana, ruhusa nayo huondoka. Mwenye kuipenda ruhusa ya Imam na aujenge kwanza ukuta wa namna ya dhara yake: kichujio katika bomba la kiwanda, injini iliyo nzima, mafuta yasiyo na salfa nyingi, shimo la takataka lisilowashwa moto. Akisha kuzijenga kuta hizo, hapo tutamsikiliza akitusomea Minhaji.

Ibn Khaldun naye, aliyefariki mwaka 1406, aliandika kwamba miji iliyosongamana watu hewa yake huharibika na maradhi ya kuambukiza huzidi humo, akapiga mfano kwa Kairo na Fas, akasema kwamba nafasi tupu baina ya majengo ni jambo la lazima ili upepo uondoe hewa mbovu na kuleta njema. Sababu alizozieleza si tunazozijua leo. Ama katika habari ya nafasi na upepo hakukosea, na yeyote anayekaa katika vichochoro vya mji wetu wa kale aweza kumshuhudia. Vichochoro vile vilijengwa kwa ajili ya miguu, punda na mahamali; pikipiki ikipita mle na bomba lililooza, moshi wake hauna pa kutokea ila vyumbani mwa watu.

Wako watakaosema kwamba sisi wa Mombasa, Malindi na Lamu tuna upepo wa bahari, na kwamba mambo haya ni ya Nairobi. Ni kweli kuwa upepo watusaidia. Lakini upepo hauli moshi, huuchukua tu ukaupeleka kwa mwingine. Anayeshukuru kwamba kusi limemwondolea moshi mlangoni na ajue kuwa ng'ambo ya pili ya mtaa yuko anayeupokea, na kaskazi likiingia watabadilishana zamu. Tena usiku upepo hutulia, na saa hizo ndizo mtu anapokuwa amelala kinywa wazi.

Unatoka wapi moshi wenyewe? Kwa sehemu kubwa hutoka katika magari. Mji wa bandari huishi kwa malori, na malori huenda kwa dizeli, na dizeli isiyoungua vizuri hutoa chembe nyingi. Magari yetu mengi yalitumika kwanza ng'ambo, khasa Japani, kisha yakaja kwetu, na kanuni ya Kenya hairuhusu kuingiza gari dogo lililopita miaka 8. Sioni aibu katika gari kuukuu. Aibu iko katika yale tunayoyafanya baada ya kulinunua. Gari la petroli lina chombo katika bomba lake la moshi, chenye madini ya thamani ndani yake, ambacho hugeuza sumu za moshi zikawa nafuu kabla hazijatoka. Wako mafundi wanaokitoa na kukiuza kwa ajili ya madini yale, wakaunga bomba tupu mahali pake. Mwenye gari huenda asijue. Fundi yuajua, na mnunuzi wa chombo yuajua. Hawa wamebomoa ukuta wa jirani ili wauze matofali yake.

Lipo pia jambo la mafuta. Salfa ikizidi katika dizeli huongeza chembe na kuharibu vichujio. Kenya na jirani zake wa Afrika ya Mashariki walikubaliana kuishusha hata sehemu 50 katika milioni tangu Januari 2015, na magari hayakusimama, wala bandari haikufungwa. Kabla ya hapo ilikuwa risasi. Tangu miaka ya 1920 madini ya risasi yalitiwa katika petroli ili injini isigonge, na ilhali mwaka 1924 wafanya kazi waliokuwa wakiitengeneza dawa hiyo huko Marekani walikufa kwa sumu yake, biashara iliendelea. Afrika ya kusini ya Sahara iliiacha petroli hiyo mwanzoni mwa 2006, na nchi ya mwisho duniani, Aljeria, mwaka 2021. Karibu miaka mia watoto wa dunia nzima walivuta risasi barabarani, na muda huo wote palikuwa na watu wenye elimu waliosema kwamba haiwezekani kuiondoa.

Kisha ni takataka. Zamani taka zetu zilikuwa maganda, majani na mifupa, na zikichomwa zilitoa moshi wa kawaida. Taka za leo ni plastiki, nyaya, betri na godoro za sponji, na moto wa chini kwa chini wa vitu hivi hutoa sumu ambazo hata majina yake hayajapata Kiswahili. Kibarani, mlangoni kabisa mwa kisiwa cha Mombasa, palikuwa na jaa lililokuwa likifuka kwa miaka mingi, na kila aliyeingia mjini alilipita huku amefunga pua. Liliposimamishwa watu walifurahi. Lakini majaa madogo ya mitaani, yanayowashwa kila asubuhi na mtu mwenye ufagio na kiberiti, hayakusimamishwa na yeyote. Moshi wa majikoni, wa kuni na makaa, nautaja kwa ufupi tu, kwani huo huanza kwa kumdhuru aliyeuwasha, naye ni mama wa nyumba ambaye hana gesi wala fedha za gesi. Ama chetezo, najua kwamba nikikigusa sitasamehewa upesi. Lakini moshi wa udi na ubani nao una chembe zile zile, na aliye na mtoto wa pumu na afungue dirisha anapofukiza, au akifukizie chumba mtoto akiwa nje.

Sasa nije kwenye jambo ambalo halina haja ya kwenda London. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, upande wa bara wa Mombasa, panapokaa yapata watu 3,000, mwaka 2007 kilianza kazi kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa risasi. Moshi wake ulishuka juu ya mapaa ya watu, na maji yake machafu yakapita milangoni mwao. Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa na kiwanda hicho, alitakiwa aitazame dhara ya kazi ile kwa wakaao karibu, naye akashauri kiwanda kihamishwe. Baadaye mtoto wake mchanga aliugua, akapimwa, ikaonekana risasi katika damu yake. Aliacha kazi akasimama na jirani. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Wenyeji walishitaki, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapo Mombasa iliwahukumia fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya rufaa iliiondoa hukumu ya fedha hizo mwaka 2023, na Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Tangu moshi wa kwanza mpaka neno la mwisho la mahakama ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza alikuwa karibu mtu mzima, na risasi haiulizi hukumu: ikisha kumharibu mtoto ubongo, hairejeshi.

Hoja iliyosemwa sana katika mambo kama haya ni riziki. Watu husema: kiwanda kimeleta kazi, na mtaka kazi hachagui moshi. Hoja hii si ya kuchekwa, kwa sababu njaa nayo inaua, na inaua upesi zaidi. Lakini tuipime. Aliyeajiriwa alipokea mshahara na akakubali khatari kwa ajili yake. Hilo ni sharti baina yake na tajiri wake, na hata hilo lina mipaka. Mtoto wa jirani hakupokea mshahara. Hakuulizwa. Amelipishwa damu yake kwa ajili ya riziki ya nyumba nyingine na faida ya mtu wa tatu. Riziki inayopatikana kwa njia hii hapana soko ambalo watu wangeiita halali lau ingelikuwa inauzwa wazi wazi, kwa vikombe, mbele ya mama zao watoto.

Bado iko ile hali ngumu zaidi, ambayo hapana kiwanda kimoja cha kunyooshewa kidole, ila watu elfu wenye kosa moja moja. Hapa nitapiga mfano kwa chombo cha bahari. Jahazi imetia nanga, na abiria wanapanda, kila mmoja na kapu lake. Kapu moja haliizamishi jahazi. Hata makapu mia huenda yasiizamishe. Wakazidi kupanda, na ikazama nje ya mlango wa bandari. Ukimtafuta mwenye kapu lililoizamisha hutampata, na kila mwenye kapu ataapa kwamba si lake, na huenda akaapa kweli. Je, tuseme jahazi imejizamisha? Hapana mtu wa pwani atakayesema hivyo. Tutauliza kwanza: nahodha alikuwa wapi? Kwani yeye ndiye aliyekuwa akiuona mstari wa maji ubavuni, na yeye ndiye aliyekuwa na uwezo wa kusema basi. Kisha tutauliza: nani aliyeambiwa kwamba chombo kimejaa, naye akapenyeza kapu lake? Kisha: nani aliyepakia magunia arubaini ya biashara hali mwenziwe amechukua kikapu cha nguo za watoto?

Kwa hesabu hii dhima haipotei. Hugawanyika, na haigawanyiki sawa sawa. Sehemu kubwa ni ya nahodha, yaani wenye kutoa vibali, wenye kupima magari, wenye kupanga mji na kuruhusu shule ijengwe ukutani mwa kiwanda au kiwanda ukutani mwa shule. Inayofuata ni ya wenye magunia arubaini. Kisha ni ya kila aliyejua akafanya, ijapokuwa kidogo. Na mwenye tuktuk moja iliyochoka, ambayo akiitia gereji wiki moja watoto wake watalala na njaa, sehemu yake ni ndogo, lakini si kwamba hana. Na juu yetu sisi wengine iko ile sehemu ya saba katika kumi waliyoijua watu wa 1956.

Liko jibu jingine ambalo husemwa kwetu zaidi kuliko kwingine, nalo ni kwamba siku ya mtu ikifika imefika, awe katika moshi au katika bustani. Asemaye hivi mtazame akiwa barabarani: huangalia kulia na kushoto kabla ya kuvuka. Mtazame nyumba yake ikitoa ufa: huhamisha kitanda. Imani yake katika ajali humjia tu inapokuwa mwenye kufa ni jirani, na mwenye kutakiwa kuacha jambo ni yeye. Sioni haja ya kulijibu zaidi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 42, imempa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na kifungu cha 70 kimemruhusu yeyote kwenda mahakamani kwa ajili ya haki hiyo bila ya kulazimika kuthibitisha kwamba yuko mtu aliyekwisha kupata hasara au kuumia. Tafadhali lisomeni tena neno hili. Ule ugumu wote wa pigo lisilo alama, uliomchosha mama wa Ella karibu miaka minane, sheria yetu imeupunguza kwa kauli moja, na wengi katika sisi hatujapata kuitumia hata mara moja, kwa sababu twangoja mtu aanguke kwanza.

Basi mtaa unaofukizwa na usiandike kwa hamaki tu. Uandike tarehe na saa, upepo ulikuwa wa wapi, moshi ulikuwa wa rangi gani na umetoka katika nini, ni nyumba ngapi ziliufunga dirisha, na ni watoto wangapi walipelekwa hospitali wiki ile. Watu kumi watie sahihi, nakala moja ibaki kwa mzee wa mtaa, na nyingine ipelekwe kwa mkono katika afisi ya mazingira ya kaunti, na mwenye kuipeleka aombe muhuri wa kupokelewa. Na kwa kuwa watu hutazama kwanza tunafanya nini sisi wenyewe, majani na taka za nyua za misikiti yetu, ambazo mara nyingi huchomwa baada ya alasiri watoto wakiwa chuoni, zingojee gari la taka, au zichimbiwe shimo.